Santuri za Watu na Kiyoyozi cha Meneja

Wenzangu wa kituoni, mlinipigia simu mkaniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu katika chumba cha santuri, mpate cha kuweka kwenye kijitabu cha wafanyakazi wapya. Rehema wa mitambo akaniambia, "Mama Zuhura, andika yale mazuri mazuri." Mazuri yapo, nitayaandika. Lakini nina hasira, na miezi mitano ya kukaa nyumbani Kihonda nikimwagilia maua haijaipunguza hata kidogo. Kama hasira haifai kwenye kijitabu chenu, chapeni kurasa za mwanzo tu mniache na zilizobaki.

Nilikuja kituoni kuomba kazi ya mapokezi. Aliyepaswa kutuhoji alikuwa amelazwa na malaria, nikaambiwa nikasubiri chumba cha nyuma. Ndani nikamkuta mzee mwenye shati jeupe lililopigwa pasi, amekaa mbele ya beseni la maji ya vuguvugu kama mtu anayeosha vyombo. Alikuwa anaosha santuri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mikono yako misafi?"

Nikamwonyesha. Akaikagua pande zote mbili kama mwalimu wa zamu.

"Haya, shika hii. Kingoni tu. Santuri haishikwi usoni. Wewe unapenda kushikwa usoni?"

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Kazi ya mapokezi akapewa mwingine, na mpaka nastaafu sikuwahi kuhojiwa na mtu.

Huyo ndiye Mzee Banzi, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mtu wa milimani, aliyeanzisha kile chumba kwa makreti manne aliyokuja nayo mwenyewe. Chumba kilikuwa na pleya mbili za kupigia santuri: moja nzima, nyingine ya kutolea vipuri. Sindano tulikuwa nazo tatu na alizitunza kwenye kikopo cha dawa ya kikohozi, ndani ya pamba. Mtangazaji akiweka sarafu juu ya mkono wa pleya ili santuri isiruke, Mzee Banzi aliichukua ile sarafu akaitupa nje dirishani. Mama wa chai wa wakati ule alikuwa akipita chini ya dirisha kila jioni.

Alinifundisha kuosha kwa tone moja la sabuni na kipande cha kanga iliyochakaa, kwa sababu kanga mpya inakwaruza. Alinifundisha kunyoosha santuri iliyopinda kwa kuibana katikati ya vioo viwili na kuianika jua la asubuhi, mwisho saa nne. Mwezi wangu wa pili niliisahau mpaka saa saba. Ilipotoka mle kwenye vioo ilikuwa bakuli. Mzee Banzi hakusema nami siku mbili. Siku ya tatu nilikuta ameijaza karanga, ameiweka mezani kwangu. Ilikaa pale miaka.

Zaidi ya yote alinifundisha kadi. Kila santuri ilikuwa na kadi yake iliyoandikwa kwa mkono: bendi, wimbo wa upande huu na wa upande ule, nani aliimba, nani alipiga nini, ilitoka kwa nani, kijiji gani. Kama mwenyewe hakuitoa moja kwa moja bali alituachia tu, kadi ilipigwa mstari mwekundu juu na kuandikwa AMANA.

"Hii si yetu," alikuwa akiniambia kila akipiga ule mstari. "Sisi tunaitunza. Siku mwenyewe akisimama pale mlangoni, anaondoka nayo. Humwulizi sababu."

Sasa niwaeleze tulikuwa tunakusanya nini, maana kuna waliofanya kazi mlango wa pili miaka sita na hawakuwahi kuuliza. Bendi kubwa za mji huu zina watu wa kuzikumbuka. Mzee Banzi alizipenda zilizoishi miezi. Vijana wa kiwandani, wa mashambani, wa baa fulani, walisikia fanki ya Wamarekani redioni, ule mdundo unaokata na gitaa linalolia kama paka aliyefungiwa, wakauchanganya na ngoma za kwao. Wakaazima vyombo. Wakaenda Nairobi mara moja, wakarekodi nyimbo mbili, wakarudi, wakagombana, wakaoa. Basi. Kilichobaki ni santuri moja ndogo yenye tundu kubwa katikati, na nakala zake zilikuwa chache tangu mwanzo.

Tulizifuata Jumamosi, na pleya ndogo ya betri ndani ya kikapu. Mkuyuni tulimkuta mama mmoja anatumia santuri kufunikia mtungi wa maji. "Inafunika vizuri, haipitishi mende," akatuambia, na alikuwa anasema kweli. Mzee Banzi akaenda sokoni akarudi na mfuniko wa bati, wakabadilishana, kila mmoja akajiona kamlalia mwenzake. Dakawa kulikuwa na mkulima wa mpunga aliyekataa katakata kutukabidhi santuri mpaka aisikie kwanza. Marehemu kaka yake alipiga gitaa la besi humo, na yeye hajawahi kuwa na pleya maisha yake yote. Alikuwa ameitunza miaka yote bila kuisikia. Tukaweka pleya juu ya tuta la jaruba. Alisikiliza kasimama, matope mpaka magotini, na besi ilipoingia akanyoosha kidole. "Huyo." Akasikiliza mara tatu, kisha akatukabidhi. Kadi yake ilikuwa na mstari mwekundu. Likumbukeni hilo.

Mzee Banzi alifariki nikiwa na miaka tisa kazini. Hakuacha maagizo yoyote isipokuwa jina moja alilokuwa akilitaja mara kwa mara: Radi Sita. Vijana sita wa Morogoro, walipiga muziki kwenye baa moja kwa kama miezi kumi, wakatoa santuri moja. Aliwahi kuwasikia usiku mmoja akiwa kijana, na alisema mwimbaji wao alikuwa binti aliyemfanya aache bia yake mezani. Santuri yenyewe hakuwahi kuiona.

Mimi niliipata, na haikuwa kwa ujanja. Mwanakwaya mmoja wa Bigwa aliyekuja kutangaza tamasha lao alinidokeza kwamba mpiga kinanda wao wa kanisani, mama mtu mzima, ujanani aliimba baa mpaka baba yake, aliyekuwa katekista, akamfukuza nyumbani. Jumapili iliyofuata nikakaa nje ya kanisa, mimi na hijabu yangu, nikingoja misa iishe. Alipotoka nilimjua kabla sijaonyeshwa. Alikuwa mrefu, anatembea kama mtu anayetazamwa.

"Shikamoo, dada. Naitwa Zuhura, natoka redioni. Natafuta santuri ya Radi Sita."

"Marahaba. Nani kakwambia?"

"Watu wa kwaya."

"Kwaya ina midomo," akasema, akaondoka zake kupanda kilima. Nikamfuata. Hakunikaribisha, ila hakunifukuza, na tulipofika kwake alinipa kigoda akaendelea kuchagua mchicha wa kupeleka sokoni. Nilimsaidia. Fungu la nne hivi, akaingia ndani akatoka na kitu kimefungwa kwenye gazeti na mfuko wa plastiki.

Upande wa kwanza "Usinisukume". Upande wa pili "Kilima Kimoja". Chini ya jina la bendi pameandikwa: Mtunzi, S. Omari. Jina la mwanamke hakuna.

"Sadiki alikuwa kiongozi," dada Tekla akasema. "Yeye ndiye aliyejaza fomu kule Nairobi. Zote mbili nilitunga mimi. Hii ya pili nilitunga nikitoka kuteka maji. Nikamwuliza, mbona jina langu halipo? Akaniambia, 'Tekla, wewe ni mwimbaji, jina lako liko kwenye sauti.'" Akatema mate pembeni. "Kwenye sauti!"

Nikatoa pleya kwenye kikapu. Jamani, nimesikia santuri nyingi. Ngoma ilianza peke yake, kavu, kisha gitaa, kisha ile sauti ikaingia nusu hatua kabla ya mahali unapoitegemea, kana kwamba amechoka kuwangoja. Mikono yangu ilisimama. Nilimtazama, naye alikuwa anatazama kuku.

Alinipa kwa masharti mawili. Nikiipiga redioni, nitaje jina lake. Na siku akiitaka, arudishiwe siku hiyo hiyo. Niliandika kadi pale pale mbele yake, nikapiga mstari mwekundu. Aliisoma mara mbili, akanirudishia. "Baada ya 'mwimbaji', ongeza 'na mtunzi'." Nikaongeza.

Nilitimiza sharti la kwanza miaka yote. Kila nikiipiga, nilitaja Tekla, mwimbaji na mtunzi, na simu zililia. Kila Krismasi ilipokaribia alishuka mjini na fungu la bamia kwa ajili yangu, akaingia chumbani akaitazama santuri yake. "Nimekuja kumjulia hali mtoto," alikuwa akisema. Ikawa desturi yetu. Kwa mtu kama mimi, ambaye dada zake wote wako Kilosa, ilikuwa zaidi ya desturi.

Hapa ndipo mazuri yanapokwisha.

Meneja simtaji jina, mnamjua. Alikuja na viatu visivyo na vumbi na neno "kuboresha". Mama yangu mzazi alifariki, nikaomba ruhusa nikaenda Kilosa, nikakaa mpaka arobaini. Niliporudi Jumatatu nilifungua mlango wa chumba changu nikadhani nimekosea. Kuta nyeupe. Kochi la zambarau. Taa ya duara kwa ajili ya video. Ukutani, palipokuwa na rafu ya Mzee Banzi, kiyoyozi kinavuma.

"Santuri ziko wapi?" nikamwuliza meneja, aliyekuwa amenifuata mlangoni.

"Mama Zuhura, karibu, pole sana na msiba. Tumeboresha mazingira."

"Nimeuliza santuri."

"Kuna mdau wa Dar alikuja na mgeni wake kutoka nje. Wanapenda vitu vya zamani. Wamechukua, na sisi tumepata kiyoyozi na kamera. Si wewe uliyekuwa unalalamika joto?"

"Uliziingiza kwenye kompyuta kwanza?"

"Mama, nyimbo za zamani zote ziko mtandaoni siku hizi."

Zile hazikuwepo mtandaoni. Ndiyo maana mtu alipanda ndege kuja kuzifuata.

"Na zenye kadi nyekundu? Zile za watu?"

"Kadi zipi?"

Mama wa usafi ndiye aliyeniambia kadi zipi. Maboksi ya kadi yalitolewa nje karibu na ukuta yakachomwe, mvua ya milimani ikashuka kabla ya kiberiti. Yeye aliokoa boksi moja akalificha stoo chini ya ndoo. Herufi A mpaka D. Radi Sita ni R.

Nilisimama pale ukutani nikiokota karatasi zilizogeuka uji, wino wa Mzee Banzi umetiririka, mstari mwekundu umekuwa wa rangi ya waridi. Sikulia. Nilitaka kumpiga mtu. Nilirudi kwa meneja nikamwambia ameiba. Akaniambia nichunge lugha, mali ya kituo ni mali ya kituo. Nikaandika barua kwa wakurugenzi, nikajibiwa kwamba suala langu limepokelewa. Nikaandika ya pili. Bado limepokelewa.

Na nyinyi wengine mlikuwepo. Yale makreti ni mazito, hayakujibeba. Mliyabeba mkayapakia kwenye gari, mkarudi ndani kukaa kwenye ubaridi. Hakuna hata mmoja aliyenipigia simu Kilosa. Mmoja wenu aliniambia baadaye, "Tuliona una msiba, hatukutaka kukusumbua." Nilimjibu vibaya na sijutii.

Lakini niseme na langu, nisije nikaonekana nimetoka msafi. Miaka yote ile ningeweza kuzirekodi zile za amana. Kompyuta ilikuwepo. Kila mwaka nilisema nitaanza Januari. Nilipenda mno kuwa mimi pekee mwenye ufunguo wa kile chumba. Hiyo ni dhambi yangu, na wala haimpunguzii meneja ya kwake.

Ilinichukua siku kumi na moja kupanda Bigwa. Dada Tekla alikuwa anamenya mihogo. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Nilimaliza, nikasema redio ilifanya vibaya, redio itatafuta njia.

"Sikuipa redio," akasema. "Nilikupa wewe, Zuhura."

Akaendelea kumenya. Nilingoja aniambie neno jingine, hata tusi. Hakunisindikiza. Krismasi ile hakushuka.

Na wale wengine? Wa boksi lililookolewa niliwafuata mmoja mmoja, kwa anwani za kwenye kadi. Kwa wenye kadi zilizooza nilitegemea kumbukumbu yangu. Yule mkulima wa mpunga wa Dakawa alikuwa ameshafariki. Mjane wake aliniuliza kama nimeileta.

Mwaka mmoja na kitu baadaye, Rehema alinifuata kwenye meza ya chai na simu yake. "Mama, si wimbo wako huu?" Ilikuwa ile ngoma kavu, kisha gitaa, kisha yeye. "Kilima Kimoja", safi kama imeoshwa jana. Kampuni moja ya ng'ambo ilikuwa imeutoa upya pamoja na nyimbo nyingine za Afrika Mashariki, kwenye santuri kubwa yenye picha ya mlima ambao si wa kwetu. Rehema akanisomea maelezo, akiyatafsiri. Mwimbaji hajulikani. Huenda ni kijana wa kiume mwenye sauti nyembamba, pengine mzaliwa wa Kongo.

Kijana wa kiume. Wa Kongo.

Tuliwaandikia siku ile ile, mimi nikisema, Rehema akiandika Kiingereza. Walijibu kwa adabu sana. Walishukuru. Walisema kwenye santuri pameandikwa S. Omari peke yake, na kama tuna ushahidi wa maandishi kuhusu huyo mama, wangefurahi kuuona. Ushahidi wa maandishi! Niliuandika kwa mkono wangu, na yeye mwenyewe akausahihisha. Ulikuwa karibu na ukuta, unangoja kiberiti. Nilicheka mpaka watu wa meza ya pili wakageuka.

Sadiki Omari alikuwa marehemu wa siku nyingi. Nikaanza kuwatafuta wengine, na baada ya miezi mitatu ya kuulizia nikampata mpiga ngoma, kaka Athumani, mashamba ya Dakawa. Mimi na Rehema tulimsikia kabla ya kumwona. Alikuwa analinda mpunga wasiushambulie kwelea, anapiga debe kwa fimbo mbili kuwafukuza, na Mungu ni shahidi yangu, alikuwa anapiga ule ule mwanzo wa "Kilima Kimoja". Nilimwambia hivyo. Akashangaa.

"Ndiyo mdundo ninaoujua," akasema. "Ndege wenyewe wameshauzoea, hawaogopi."

Nikamweleza shida yetu. Aliweka fimbo chini, akasema kwenye simu ya Rehema, kwa utaratibu kama yuko mahakamani: "Mimi naitwa Athumani. Nilipiga ngoma Radi Sita. Nyimbo zote mbili alizileta Tekla, maneno na sauti. Sisi wanaume tulikuwa tunabishana kuhusu viatu vya jukwaani. Sadiki aliandika jina lake nasi tulimwona anaandika. Tulinyamaza. Mimi nilinyamaza." Akafikiri kidogo. "Mwambieni Tekla mimi bado hai."

Tukawatumia sauti na tafsiri. Wakakaa kimya miezi miwili, kisha wakabadilisha ukurasa wao. Sasa panasomeka: Mwimbaji na mtunzi, Tekla, kama inavyodaiwa na watu wa huko. Kuhusu santuri yenyewe, iko kwa mkusanyaji binafsi ambaye asingependa kutajwa. Yeye ana haki ya kutotajwa, eti.

Wakati huo nilikuwa nimebakiza wiki tatu kustaafu. Nikapanda tena Bigwa, mara ya kwanza tangu ile siku ya mihogo. Nilimkuta shambani, nikamwamkia, akaitikia bila kuinua kichwa. Nikamwekea sauti ya kaka Athumani. Pale kwenye viatu vya jukwaani alicheka, kicheko kifupi cha puani, kikakatika. Kisha nikamsomea ukurasa.

"'Kama inavyodaiwa' maana yake nini?"

"Maana yake hawajaamini, dada."

Akasimama wima, mikono juu ya mpini wa jembe. "Redio yenu inasikika mpaka wapi?"

"Mvomero yote. Mkuyuni, ukipanda juu kidogo."

"Na siku yako ya kuagwa watakupa kipaza sauti?"

"Dakika kumi."

"Zinatosha," akasema.

Yaliyofuata mliyasikia, ila wapya hawayajui. Meneja alikuwa amepanga nizungumzie furaha zangu za kazini, halafu keki. Nilifika na mama wa miaka karibu sabini, amevaa kitenge cha kanisani na kilemba, nikasema ni dada yangu, mlinzi akampitisha. Mtangazaji aliponikaribisha hewani nikasema furaha yangu ya kazini ni mgeni niliyekuja naye, nikamsogezea kipaza sauti.

Hakuwa na haraka. Alitaja jina lake lote, la ubatizo na la baba yake. Akawataja Radi Sita wote, mmoja mmoja, na chombo cha kila mmoja, hata Sadiki, gitaa la kwanza, Mungu amrehemu. Akasema, "Nyimbo zile mbili nilitunga mimi Tekla, nikiwa na miaka kumi na tisa. Santuri yangu niliiacha hapa kwa amana, na watu wa hapa wakaitoa wakapewa mashine ya ubaridi. Aliye nayo huko aliko, asikie ilivyo."

Kisha akaimba "Kilima Kimoja", bila gitaa, bila ngoma, anapiga vidole mezani. Mstari wa kwanza sauti ilikwama, ikatoka na mchanga. Niliogopa. Mstari wa pili ikaingia pale pale, nusu hatua kabla.

Meneja alitokea nyuma ya kioo. Akamwonyesha Rehema ishara ya kukata, kidole shingoni, mara mbili. Rehema alimtazama. Kisha akatoa mikono yake miwili juu ya mitambo akaiweka mapajani, kama mtoto aliyeambiwa akae vizuri. Meneja akaja mpaka mlangoni akashika kitasa, na hapo akakwama, kwa sababu ule mlango unalia kama mbuzi na angesikika Mvomero yote. Alisimama na kitasa mkononi mpaka wimbo ukaisha.

Keki haikukatwa. Rehema alipewa barua ya onyo, ambayo ameiweka kwenye fremu nyumbani kwake. Simu zililia mpaka jioni, wengi wakitaka tu kujua huyo mama anaimba wapi Jumapili. Santuri haijarudi. Nimewaandikia wale wa ng'ambo mara nne zaidi na nitaendelea kuwaandikia. Kila barua ina majina ya watu na vijiji ninavyovikumbuka, maana santuri ya dada Tekla ilikuwa moja tu kati ya za watu wengi. Nyinyi mliobaki mle ndani, mtu akija mlangoni kuulizia ya kwake, msimwambie suala lake limepokelewa. Mwambieni ilivyouzwa, na mtajeni aliyeiuza.

Siku ile nilimsindikiza dada Tekla kwa miguu mpaka Bigwa, jua likiwa bado juu. Karibu na kwake akasimama kupumua.

"Bado sijakusamehe, ujue."

"Najua, dada."

Akatazama shamba lake, mkono kiunoni. "Kesho njoo na jembe. Bamia zimezidiwa na majani."

Nilikwenda. Tulipalilia tangu saa moja, kila mtu na tuta lake, na nilipokaa chini kupumzika akaniambia niinuke, kazi ilikuwa bado.